Siku Nilimuweka Prof Désiré Fasi ya Mwezi

Nawaambia mimi mwenyewe, maana mungeisikia tu kwa wengine, na wengine wanaongezaka chumvi: njo mimi, Furaha wa Kibabi, niliangusha inspecteur, mukaguzi wa masomo, mbele ya salle nzima ya bantu, na sikumuangusha kwa ubaya, nilikuwa najibu swali la nyota. Mucheke kwanza, mumalize, kisha munisikilize, kwa sababu mimi ile siku bado inanichoma roho.

Ilikuwa concours, mashindano ya sayansi ya wanafunzi, mu salle ya paroisse, ule ukumbi wa kanisa kule Masisi, na timu yenye kushinda ingeenda Goma. Timu yetu ilikuwa mimi na Neema (tunakaaka banc moja darasani). Prof Désiré, mwenye kutufundisha jiografia, alitufanyisha mazoezi ya astronomia kila siku kisha masomo, anauliza, tunajibu, anauliza tena, mpaka nikawa najibu peke yangu hata wakati nakamua ngombe za Papa. Jibu moja tu Neema hakulikubali. Prof alisema éclipse ya mwezi, ni kusema pale mwezi inaingia giza, inafika wakati mwezi inapita katikati ya jua na dunia. Neema akauliza, sasa kama mwezi iko pale mbele ya jua, giza ya kuifunika inatoka wapi? Prof akamujibu, "Ku concours hawatafutaka maana, wanatafutaka jibu." Na mimi nikamukazia Neema macho ili anyamaze. (Mimi!)

Siku yenyewe tulianza vizuri sana. Papa aliacha kuuza maziwa, akakuja na Mama, wakakaa mbele na nguo zao za misa. Tulijibu mpaka tukabaki sawasawa na timu ya Kibua, wale wa upande wa Walikale, na swali la mwisho likaniangukia: mama mumoja wa jury, wale wa kuhukumu majibu, akaniomba nionyeshe éclipse ya mwezi. Ku meza walikuwa wameweka machungwa tatu kwa ile kazi. Ningechukua zile machungwa, leo kusingekuwa habari. Lakini nikafikiri bantu wa nyuma hawataona kitu, nikasema hapana, nitatumia bantu, tena bantu wakubwa.

Nikamuita Papa Kambale, muchuuzi wa kutoka Butembo mwenye duka pale sokoni, muntu munene, nikamupa torche, yeye akawa jua. Nikamuita inspecteur akawa dunia. Halafu nikamuita Prof Désiré akuwe mwezi (niliona ninamupa heshima), nikamusimamisha katikati yao. Wakafunga madirisha, Papa Kambale akawasha torche, na kivuli ya prof ikalala yote ku uso wa inspecteur.

Mama wa jury akaniuliza polepole, giza iko ku nani? Hata mutoto wa mugongoni aliona iko ku dunia. Mimi nikajibu ku mwezi. Akaniuliza tena, nikajibu tena, bantu wakaanza kucheka chinichini, na mimi kwa akili yangu nikaona labda mwezi iko mbali sana na dunia, basi nikamushika prof koti nikamusukuma nyuma, prof akakanyaga kiatu cha inspecteur, inspecteur akajivuta, akajigonga ku banc, akaanguka mu magoti ya bamama wa korali, miguu juu. Salle ikapasuka kwa kicheko.

Walipofungua madirisha, mama wa jury akasema, "Mutoto yangu, hiyo unaonyesha ni éclipse ya jua. Nani alikuambia ni ya mwezi?"

Nikageuka. Prof alikuwa bado amesimama pale nilimuweka.

"Prof, si ni vile ulitufundisha?"

Akatengeneza kravati yake. "Mimi nilifundisha vizuri. Huyu mutoto hasikiaka."

Papa alikuwa anaangalia tu chini. Dada mumoja wa Kibua akakuja, akashika machungwa, akaweka dunia katikati ya jua na mwezi, akamaliza, na njo wao walienda Goma. Sisi tulirudia mu kamio moja na prof, na njia yote alikuwa anaongea na chauffeur habari ya mupira, anacheka.

Juma iliyofuata akaingia darasani, akachora ku ubao éclipse ya mwezi, dunia katikati, bila neno moja, kama vile alikuwa anachoraka vile tangu zamani. Nikanyanyua mukono nikamuuliza ni siku gani dunia na mwezi zilibadilishana fasi. Akanifukuza. Préfet, mukubwa wa masomo yetu, akasema sitaingia tena mpaka niombe prof musamaha mbele ya muzazi wangu.

Papa akaacha ngombe akakuja, boti za miguuni zimejaa matope. Nilijua ataniambia nipige magoti. Hakuniangalia. Aliomba waite Neema, akamuuliza mbele ya préfet na prof kama ile maneno ya mwezi kuwa katikati prof aliisema ao hakuisema. Neema alikuwa anaogopa, lakini akasema aliisema.

"Basi," Papa akasema, "huyu wangu hataomba kitu."

Prof akaangalia dirishani. Préfet akakohoa, akaniambia nirudie darasani, na ikaisha vile, bila muntu kuniambia pole.

Kwa hiyo musifikiri moyo umepoa. Sokoni mimi wananiitaka Mama Éclipse, na yeye wanamuitaka bado Prof. Musamaha niliomba muntu mumoja tu, Neema, na akanisamehea mbio sana, hata hiyo ikaniuma. Mwaka unaokuja nitarudia ku concours, naapa, lakini sitabeba tena jibu lenye sikulielewa, hata anipe nani, na muntu akiniambia ninyamaze, nitauliza mara ya pili, na sauti ya juu.