Nilimurudisha mujukuu kwa bwana anayemupiga, kwa sababu ya mwigizaji wa sinema

Mimi ndiye nilikosa. Sitasingizia Shetani, wala Ulaya. Mimi, koko, ndiyo bibi mwenye wajukuu na vitukuu, mwanamuke ambaye hapa Bruxelles kila muntu anamusalimia kwa heshima.

Nilipokuwa msichana kule Lubumbashi, Jumamosi tulikuwa tunajaa kwenye sinema. Kulikuwa Mwamerika mumoja, kofia kubwa, mabega kama mulango. Jina lake silitaji, linanitia kichefuchefu. Kila filme alikuwa anapiga mwanamuke kofi, mwanamuke analia, halafu mwanamuke yule yule anamukumbatia. Sisi wasichana tunapiga mikono! Tukaamini ndiyo mapendo yenyewe. Hata hapa Bruxelles, nyumbani kwangu Auderghem, nilitundika picha yake ukutani, karibu na Bikira Maria. Ninasikia haya kuandika hivyo.

Bon. Siku moja mujukuu wangu alifika na mutoto mugongoni, mudomo umevimba kama andazi. Bwana yake alimupiga. Alitaka tu kulala kwangu. Mimi nikacheka. Nikamuonyesha ile picha, nikasema:

«Huyu naye alikuwa anapiga, na wanawake wote walimufwata. Rudi kwako, mama, ukapike.»

Alinitazama. Akarudi.

Miezi ilipita, televizyo ikaonyesha maisha ya yule mwanaume. Nikaita jirani, nijivune. Tukaona alivyoanza kama dereva wa lori, akatajirika, akaoa mara ine. Halafu muke wake wa pili, mzee kama mimi, akaeleza: nyumbani alimupiga mpaka sikio moja likakufa. Wakubwa wa sinema walijua. Walimupaka yule muke poda juu ya majeraha ili watu wasione, wakanyamaza. Mwisho pombe ilimumaliza yule mwanaume, na watoto wake hawakuja hata kumuzika.

Jirani yangu akaaga polepole.  Mimi nikakumbuka maneno ya kinywa changu mwenyewe.

Nikamupigia mujukuu simu. Alikuwa amekwisha kukimbia, mukono kwenye plasta, yuko katika nyumba wanamoficha wanawake wa kupigwa. Hakutaka kusema ni wapi.

«Koko, yeye alinivunja mukono. Lakini ni weye ulinirudisha.»

Hakulia. Akakata. Mutoto anajifunza kutembea sasa, na mimi simuoni.

Weye maman unayesoma, mutoto wako akija na uso wa kuvimba, usimuulize alikosa nini. Muingize, funga mulango, bwana abaki nje akipiga kelele. Mimi nilimufukuza wangu kwa kicheko. Leo wanaomupikia chai ni wageni, na wana haki kuliko mimi.