Aurelia wa Mbinga: Fundi wa vyombo vya anga asiyejulikana na mafundi wenzake

Saa mbili kasoro asubuhi, mjini Mbinga, ukungu bado haujaondoka barabarani. Aurelia Kapinga anafungua duka la steshenari alikoajiriwa, anawasha mashine ya kutolea kopi ipate joto, kisha anakaa mbele ya kompyuta. Kabla mteja wa kwanza hajaingia, anajaribu kurusha roketi.

Roketi yenyewe iko ndani ya kioo cha kompyuta. Imesimama ufukweni Mbamba Bay, nyuma yake milima, mbele yake Ziwa Nyasa. Anabonyeza kitufe cha kuwasha injini. Kioo kinakuwa cheusi, inatokea mistari mitatu ya maandishi meupe, programu inajifunga.

"Umeona?" anasema bila kugeuka. "Kila siku ni hivyo. Najua haitaruka, ila siwezi kuacha kujaribu."

Kwa wateja wake, Aurelia, 41, mzaliwa wa Matiri, ni dada wa kopi tu. Anachapa barua za maombi ya kazi, anapiga picha za paspoti, anatengeneza kadi za harusi. Wachache wanajua kwamba kwa miaka tisa amekuwa fundi wa nyongeza za programu moja ya bure inayoigiza safari za anga za juu.

Programu hiyo inampa mtu dunia, mwezi, sayari na vyombo vichache vya kurukia. Vingine vyote ni nyongeza zinazotengenezwa na watumiaji wenyewe, wa nchi mbalimbali, bila malipo, kisha zinawekwa kwenye tovuti yao. Mmoja anaunda umbo la chombo, mwingine anaandika amri za kukiendesha, mwingine anapaka rangi. Aurelia ni wa rangi: mabati, kutu, vumbi, udongo.

Aliyemwingiza huko ni marehemu Tobias Ndunguru, mwalimu wa fizikia huko Litembo, aliyekuwa akileta mitihani yake kuchapwa dukani. "Mwalimu aliona ninavyosafisha picha za paspoti, akasema, 'Dada Aurelia, mkono huu unapotea bure.' Nikacheka. Nilidhani ananitongoza."

Hakuwa akitongoza. Kwa miaka minne wawili hao walijenga nyongeza yao wenyewe waliyoiita Bandari ya Nyasa: kituo cha kurushia roketi pale Mbamba Bay, chombo cha kwenda mwezini, na eneo la kutua ziwani wakati wa kurudi. Tobias aliandika amri, Aurelia akapaka rangi kila kitu, hadi magome ya miti. Watu 212 duniani waliichukua na kuitumia.

Mwaka juzi Tobias akafariki dunia. Ndugu walipogawana vitu vyake baada ya msiba, laptop ilimwangukia mpwa wake, naye akampa fundi aipige window upya, kazi inayofuta kila kilichomo. Amri zote za Bandari ya Nyasa, zile za asili ambazo fundi anaweza kuzisoma na kuzirekebisha, zilikuwa humo, na hazikuwa na nakala kwingine.

"Siwezi kuwalaumu," anasema Aurelia. "Nguo za marehemu zinafuliwa kabla hujampa mtu. Na wao waliifua laptop."

Mwaka huu limetoka toleo jipya la programu, na nyongeza za zamani haziwaki tena mpaka amri zake ziandikwe upya. Kwa anayejua, ni kazi ya wiki mbili. Aurelia hajui. Wasimamizi wa tovuti wametangaza kwamba mwisho wa mwezi huu, nyongeza isiyowaka itaondolewa. Bandari ya Nyasa imo katika orodha, na ikiondolewa hakuna pengine mtu mpya anapoweza kuichukua.

Ameomba msaada. Ameandika ujumbe mara 31, kwa Kiingereza cha shule, akiwaomba mafundi wa amri wamsaidie. Amejibiwa mara moja tu.

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipopandwa na hasira, kisha akakosa wa kumkasirikia. Kwa hesabu yake mwenyewe, Aurelia amezipaka rangi nyongeza 46 za wenzake. Kila nyongeza ina ukurasa wa majina ya walioitengeneza. Tulizifungua kumi na mbili, moja baada ya nyingine. Jina lake halimo.

Hakuna aliyemdhulumu. Kila walipomuuliza wamwandike vipi, alijibu kwamba haina haja. Ndivyo alivyolelewa. Wamatengo, watu wa kwao, wana ngokela, kazi ya kuitana: mwenye shamba anapika, majirani wanakuja na majembe, siku inayofuata zamu ni ya mwingine.

"Ukienda ngokela unalima, unakula, unarudi kwako," anasema. "Huandiki popote. Ukianza kutangaza umelima kiasi gani, watakucheka mpaka kanisani. Siku yako ikifika wote wanakuja, maana walikuona shambani." Anapanga karatasi ambazo tayari zimepangika. "Mimi nilidhani wale nao wananiona."

Asiyekujua hakuthamini. Na waliomjua wameondoka mmoja mmoja. Wamepata kazi, wameoa, wamechoka. Waliopo sasa hawajawahi kumsikia.

Jibu pekee alilopata lilifika Jumatatu, kutoka kwa fundi mmoja wa Ulaya. Lilikuwa la heshima. Alisema maombi ni mengi, kwa hiyo anawasaidia kwanza waliowahi kuchangia. Akauliza: wewe umetengeneza nini?

Siku tatu zimepita hajajibu. Anafungua nyongeza ya watu wengine, shamba la kwenye sayari ya Mars, lililochukuliwa mara zaidi ya elfu tisa. Anasogeza picha mpaka kwenye udongo. Mashimo yamepangwa kwa safu mteremkoni, na kati yake matuta. Ni ngolo, kilimo cha mashimo cha Wamatengo, kinachozuia mvua isibebe udongo.

"Hili ni shamba la mama yangu, Matiri. Nililipiga picha kwa simu, nikalipaka wekundu. Simu ilikufa na picha zake." Anayagusa mashimo kwenye kioo. "Lakini shamba lipo. Nikilipiga tena, nikaiweka picha hiyo na hii ya Mars pamoja, yule fundi ataona ni kazi yangu."

Anampigia mama yake, Anjela, palepale, simu ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Mama, lile shamba la juu, mashimo bado yako vilevile?"

"Yatakuwaje vilevile? Tumeshageuza mara ngapi! Palipokuwa shimo sasa ni tuta, palipokuwa tuta ni shimo. Umesahau kulima?"

"Sijasahau, mama."

Alikuwa amesahau. Anakata simu na kuiweka mezani kifudifudi. Mteja anaingia na cheti cha kuzaliwa, anataka kopi nne. Aurelia anazitoa, anazigonga mezani zilingane, anampa.

Jumamosi atapanda bodaboda mpaka Matiri, alipige picha shamba hilo na kumtumia yule fundi.

"Ataona mashimo hayafanani, atasema namdanganya," anasema. "Nitaituma hivyo hivyo. Sina kingine."