Bruda na Ligi ya Nchi Tano

Mara ya kwanza kuona raga nilidhani ni ugomvi. Nilikuwa nesi kwenye zahanati ya misheni huko Kilolo, na kila jioni nilipita nyumba ya mabruda kumtia dawa ya macho bruda mmoja mzee, Mwitaliano. Alikuwa na presha ya macho. Alifika kwetu akiwa kijana, akatandaza mabomba ya maji kutoka milimani mpaka vijijini, na Kihehe alikisema vizuri kuliko watoto wetu waliozaliwa mjini. Jumamosi hiyo nilimkuta amesogeza kiti karibu kabisa na televisheni. Wanaume wenye shingo nene walikuwa wamelaliana kwenye matope.

"Kamwene, Bruda. Mbona wanapigana na refa anawaangalia tu?"

"Kamwene, nesi. Hawapigani. Wanagombea mpira."

"Uko wapi huo mpira?"

"Chini yao."

Nilimtia matone, nikasubiri dakika chache kama ilivyo kawaida ili nimtie na dawa ya pili. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikatazama. Timu ya mji aliozaliwa ilikuwa inafungwa, na kwa jinsi alivyotulia nilielewa kwamba amezoea.

Ndivyo nilivyoanza. Dawa hizo mbili zilinifunza raga kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, maana hata siku ambazo hapakuwa na mechi alipenda kuieleza. Mpira unarushwa nyuma tu, ila mtu anakimbia nao mbele. Ukifika kwenye eneo la wapinzani unaulaza chini kwa mkono, hilo ndilo bao kubwa. Wakiinama vichwa na kusukumana, mimi niliwaona kama ng'ombe wanaobanana kwenye josho, naye akacheka, akasema huko kwao wazee husema hivyo hivyo.

Ila alichokipenda zaidi ni habari ya ligi yenyewe. Haikuwa ligi ya nchi moja. Ilianza kwa Wales na Uskoti, Ayalandi wakaingia, kwa sababu nchi hizo ni ndogo na kila moja peke yake isingeweza kulipa wachezaji wa kulipwa na kupata ushindani. Waingereza walibaki na ligi yao, hawakuwa na shida. Baadaye Waitaliano wakabisha hodi, wakakubaliwa timu mbili.

"Tuliingia kama wapangaji," Bruda aliniambia. "Wenye nyumba walitusalimia vizuri, lakini tulilala karibu na mlango."

Timu moja ya Kiitaliano ilikufa baada ya muda mfupi, ikaundwa nyingine. Hiyo ya mji wake haikufa, ila ilikaa mkiani msimu kwa msimu. Magazeti ya kule, alisema, kila mwaka yaliuliza kama Waitaliano wana sababu ya kubaki.

Kisha wakaja Waafrika Kusini, na hapo ndipo kaka yangu alipoingia.

Kaka yangu mkubwa anaishi Uyole, Mbeya. Ni dereva wa malori ya kwenda kusini, anavuka Tunduma, anapita Zambia mpaka Johanesibagi. Raga aliijulia huko, kwenye yadi za kusubiria mzigo, ambako kila Jumamosi walinzi na mafundi huwasha televisheni. Akaipenda timu moja ya Pretoria kama wengine hapa wanavyozipenda timu za Kariakoo. Nilipomwambia kwa simu kwamba na mimi naangalia raga na bruda wetu, alipiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Mdogo wangu! Na unashabikia nani?"

"Timu ya Bruda."

"Waitaliano? Basi hujui raga. Unafanya tu kazi ya huruma, kama kawaida yako."

Tangu hapo walianza kutaniana, kaka na Bruda, kupitia simu yangu. Timu za kwanza za Afrika Kusini kuingia kwenye ligi yetu zilikuwa mbili ambazo ligi nyingine, ya nchi za kusini mwa dunia, iliziondoa ili kupunguza idadi ya timu. Timu ya kaka ilibaki kule na wakubwa wenzake. "Sisi hatuwezi kuja kucheza na wapangaji," kaka alisema. Bruda alijibu kwamba nyumba ni ile ile, subiri na wewe utatafuta chumba.

Macho yake yaliendelea kupungua. Nilijua, kwa sababu kiti kilizidi kusogea, na siku moja aliniuliza wenye jezi za kijani wanashambulia upande gani, na jezi za kijani zilikuwa za timu yake. Nilikaa pembeni yake nikaanza kumwelezea mechi. Mwanzoni nilieleza vibaya sana.

"Wamemkamata. Maskini, amebinuliwa. Wamelaliana tena."

"Nesi, usinieleze maumivu. Nieleze mpira uko wapi na nani anao."

Nikajifunza. Nikaacha kusema "yule mrefu" na "yule mwenye bandeji", nikasema namba zao. Nikamwambia umbali uliobaki kufika mstarini. Jirani zetu masista walinisikia kupitia dirishani, wakauliza kama Bruda amenunua redio ya Kiswahili inayotangaza mambo yasiyoeleweka.

Halafu korona. Ligi ilisimama, ikarudi viwanja vikiwa vitupu. Timu kubwa nne za Afrika Kusini zikaachana na ligi ya kusini na kuja kwetu, ya kaka ikiwemo. Bruda alifurahi kana kwamba ameshinda kesi. Lakini kabla ya msimu mpya kuanza kuliandaliwa kombe fupi la mpito: timu za kaskazini zicheze zenyewe, za Afrika Kusini zicheze zenyewe, kisha vinara wawili wakutane fainali. Timu ya Pretoria iliongoza kusini. Kaskazini ikaongoza timu ya Bruda, ambayo msimu ule ule wa ligi haikuwa imeshinda mechi hata moja. Niliisoma habari hiyo kwenye simu mara mbili kabla ya kumwambia.

Wiki ya fainali alikuwa na miadi ya daktari bingwa Mbeya, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Tulipanda basi la asubuhi, Mafinga kuna ukungu, Makambako jua, yeye amekaa dirishani akiniuliza tumefika wapi. Daktari alimpima kwa makini, akamweleza bila kuzunguka: jicho la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na mwanga kidogo wa pembeni, dawa zitaulinda kadiri zitakavyoweza. Bruda alimshukuru. Tulipotoka nje alisimama kwenye ngazi, ameshika nguzo.

"Nilijua," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Nyumbani kwa kaka yako ni mbali?"

Siku ya fainali tulipofika Uyole, kaka alikuwa ametayarisha sebule kama ya harusi. Wifi alipika wali na kuku, madereva wenzake walijaa kwenye makochi na sakafuni, wote mashabiki wa timu ya Pretoria. "Shikamoo, Bruda," kaka alisema, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Leo utaondoka na machozi, lakini kwanza kula."

"Marahaba. Nitakula kwanza."

Nikakaa kando yake, nikaanza kueleza. Madereva waliniangalia kwa mshangao, kisha wakaniachia. Timu ya kijani iliulaza mpira mapema. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa tu. Wakapata penalti, wakaipiga, ikapita. Wakaulaza tena. Mpaka mapumziko walikuwa mbele kwa mbali, na sebule ile ilikuwa kimya kiasi cha kusikia wifi akiosha sufuria uani.

Kipindi cha pili mambo yalikuwa yale yale. Sauti yangu ilianza kukauka. Katikati ya maelezo Bruda alinishika mkono.

"Nesi. Unanieleza ukweli, au umenihurumia kwa sababu ya maneno ya daktari?"

Ningesema ni kweli, angeniamini vipi? Wenzangu sebuleni walikuwa wamenyamaza kwa uchungu wao, kelele za uwanjani zilikuwa kidogo, mashabiki waliruhusiwa wachache, na mtangazaji alisema Kiingereza, ambacho Bruda hakukijua. Hakukuwa na kitu cha kumthibitishia.

Kaka ndiye aliyejibu. Aliinuka, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Bruda, dada yangu anaweza kukuhurumia. Mimi je? Ningekuwa na namna ya kukwambia tunaongoza, ningekwambia. Mnatupiga. Mnatupiga vibaya."

Bruda alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtetemeka, na kwa muda sikuelewa kama analia au anacheka. Dereva mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakicheka na kulaani wachezaji wao kwa lugha zote za njia kuu. Kombe lilipoinuliwa, kaka mwenyewe ndiye aliyemweleza lilivyo. Nadhani alilipamba.

Msimu uliofuata ligi ikawa kamili, nchi tano, na timu ya Bruda ikarudi kufungwa, ingawa si mkiani tena. Shirika lake lilimrudisha Italia, kwenye nyumba ya mabruda wazee, ambako kuna wa kumhudumia usiku na mchana. Hakutaka kwenda. Kijiji kilimuaga kwa ngoma na mahindi mabichi, na akina mama wakamvisha begani mgolole, shuka la wazee wa Kihehe, ambao hakujua ni wa rangi gani mpaka alipouliza. Tunaongea naye kwa simu Jumapili baada ya misa.

Mwaka jana timu hizo mbili zilikutana Pretoria, na kaka alikuwa huko akisubiri mzigo wa mashine. Akanunua tiketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia uwanjani, baada ya miaka yote hiyo ya televisheni za yadini. Alinipigia akiwa kwenye kiti chake, upepo ukivuma kwenye simu, akaniambia kwamba nyasi ni kijani kuliko tunavyoziona kwenye televisheni, na kwamba wanapogongana unasikia mpaka huko juu, hilo nimwambie Bruda.