Mkwe Aliyejua Kujificha

Nilipoolewa kutoka Iringa kwenda milimani nje ya Mbeya, miaka ile ya hamsini, mume wangu alinipa onyo moja tu. Kwao Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, anajificha. Hamtazami, hamsalimii, wala hakatizi njia yake. Mke wa kaka yake alishindwa, akarudishwa kwao. Mume wangu alikuwa na wasiwasi: msichana wa Kihehe ataweza?

Niliona aibu kumwambia kwamba hiyo ndiyo kazi pekee niliyofuzu. Shangazi yangu, aliyenilea Iringa baada ya mama kufariki, alikuwa na mwiko mmoja wa kusongea ugali na mwingine wa kwangu. Ugali ukiungua, mwiko. Ugali usipoungua, mwiko vilevile, maana sasa nimeanza kujiona. Kwa hiyo hata kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka, nilishajua kuzama ndani ya kihenge cha mahindi, kulala chini ya kitanda bila kupiga chafya, na kusimama nyuma ya mlango nimejibana kama fagio. Niliamini watoto wote wanajua hayo.

Ukweni niling'ara. Baba mkwe akikohoa kule kwenye kahawa, mimi nimeshapotelea migombani. Siku moja nilikimbia na sufuria ya maharage ya moto, nikakaa nayo mapajani mpaka alipopita, wala sikusema kitu. Mzee akawa ananisifu kilabuni: "Mwaka wa pili huu, sura yake siijui!" Kina mama wa kanisani wakawaleta binti zao waje wanione wajifunze. Hawakuniona, kwa sababu niliposikia sauti nyingi nilijificha. Nilimkimbia mwinjilisti. Nilimkimbia mnunuzi wa kahawa. Nilimkimbia mbuzi mwenye kikohozi, tena mara mbili. Watu wakasema adabu imemzidi huyu, nami nikavimba kichwa, sitaficha.

Lakini chini ya sifa zote hizo nilikuwa naogopa jambo moja tu: kurudishwa Iringa, kwa shangazi.

Basi asubuhi moja nikamvunjia mama mkwe chungu chake cha maziwa ya mgando. Kilikuwa chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, kilichobebwa kichwani kutoka huko kwao, na alikipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Kilipopasuka, miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta migombani nimechuchumaa, maziwa yamenitapakaa usoni, na kuku watatu wamenifuata wakidonoa vidole vyangu kwa furaha.

Mama mkwe akaja taratibu, akainama.

"Mwanangu, baba mkwe wako kaenda Mbeya toka jana. Sasa unamkimbia nani?"

Nilitafuta jibu kwa moyo wote. Mwinjilisti hakuwepo. Mbuzi tulishamla Krismasi. Sikupata mtu wa kumsingizia.

Akanyoosha mkono anifute maziwa. Mimi nikajikunja na kufunika kichwa kwa mikono miwili, haraka, kama mtu aliyefanya mazoezi miaka kumi. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nani alikuwa anakupiga?"

"Hakuna, mama. Nililelewa tu."

Nikacheka kidogo ili naye acheke. Hakucheka. Leo mimi ni mzee, najua alichokisikia katika jibu lile, na nina hasira na shangazi yangu mpaka kesho. Yale hayakuwa malezi. Nilikuwa mtoto, nikapigwa mpaka nikajiona mwenye kipaji cha kupotea. Hata sasa mlango ukigongwa kwa nguvu, mwili wangu hushtuka kwanza, akili inakuja baadaye kuuliza kulikoni. Wajukuu wananicheka, nami nacheka nao, ila sipendi.

Siku ile sikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu, na chakula cha mchana kilikuwa bado hakijabandikwa.

"Mama," nikamwambia, "usinirudishe. Nipige tu, kisha nikapike."

Akaketi palepale kwenye matope na kanga yake ya kanisani, akanivuta mapajani, akaanza kulia kwa sauti. "Ndaga, mwanangu," akawa anasema, yaani pole. "Ndaga, ndaga." Nami nikazidi kumwomba radhi, nikishangaa jinsi chungu kinavyoweza kumuuma mtu kiasi kile.