Simu Isiyo na Shangazi

Baba wa mchumba wangu aliendesha lori barabara ya Segera mpaka akastaafu na mvi, na hana simile na mtu anayechelewa. Siku niliyokwenda kwake Handeni kujitambulisha nilichelewa saa mbili nzima, nikasingizia pancha. Mzee akaenda kuangalia tairi zote nne, akarudi kukaa. Baadaye akanitumia salamu kupitia kwa binti yake: siku ya posa ni saa nne asubuhi, ikipita tusisumbuke kushuka garini.

Nikaapa kwamba safari hii simu itaniokoa. Wiki nzima nilikuwa naikodolea macho ramani. Kutoka kwangu Korogwe kwenda Handeni, njia ya moja kwa moja, simu ilisema ni mwendo wa saa moja na robo. Nikajiona mhandisi. Nilimtumia mchumba picha ya ramani yenyewe, na maneno ya majigambo ambayo leo siwezi kuyarudia.

Jumamosi saa mbili kamili nikawasha gari la kuazima. Mjomba wangu, msemaji wetu, alikaa mbele na kanzu yake, simu nikaiegesha mbele ya usukani. Tulipofika njia panda ya Handeni akanyoosha mkono.

"Usikate. Tunampitia shangazi yako Kabuku."

"Mjomba, nimemwambia apande basi, tukutane hukohuko."

"Apande basi kwenda kukuposea? Kwani anakwenda mnadani?"

Nikanyoosha kuelekea Segera, na yule mwanamke wa ndani ya simu akaanza kuniambia nigeuze gari. Akasema tena. Mara ya tatu mjomba akamkazia macho.

"Huyu binti ni nani? Hajaamkia, anaamrisha tu."

"Ni ramani, mjomba. Inataka tupite njia fupi."

"Ana shangazi huyu?"

"Hana."

"Ndiyo maana."

Nilikuwa nimepanga kumpakia shangazi na kuondoka. Lakini shangazi alikuwa ameshapika chai na mihogo, na nani atamwambia shangazi kwamba hali? Saa nne ilinikuta Kabuku na kipande cha muhogo mdomoni. Kila nikichungulia simu, muda wa kufika ulikuwa umesogea mbele. Nilimpigia mchumba, hakupokea.

Tulipoingia barabarani shangazi akakumbuka kwamba babu mdogo yuko Mkata, miguu inamsumbua, na asije akasikia kwamba tulipita bila baraka yake. Babu mdogo akatuombea dua. Aliwataja marehemu wa ukoo mmojammoja, na wengine nadhani aliwarudia. Adhuhuri ikatuingilia hapo, tukaswali, ndipo tukashika njia ya Handeni. Nilikuwa na hasira na mjomba, na shangazi, na marehemu wote, na zaidi ya wote mimi mwenyewe. Nilimpenda yule binti, na nilikuwa nampoteza kwa ajili ya mihogo.

Tulifika saa nane. Mzee alikuwa ameketi barazani peke yake. Tukamwamkia wote isipokuwa mjomba, ambaye ni rika lake, nami nikabaki nimesimama karibu na gari, nikikumbuka ile habari ya kutoshuka.

"Mmepita wapi?" akauliza, akinitazama mimi.

Safari hii sikuthubutu kutaja pancha. "Kabuku, mzee, kumchukua shangazi. Halafu Mkata kwa babu."

Akatikisa kichwa polepole, akihesabu kwa vidole. "Kabuku chai. Mkata dua, na swala. Saa nane." Akageukia mlango wa uani, akapaza sauti kuwauliza kina mama kama wali umeiva. Wakajibu ndiyo kwanza wanaepua.

"Mzee, ulisema saa nne," nikasema.

"Saa nne ilikuwa ya kukutoa kitandani. Mngefika saa nne ningewauliza shangazi mmemwacha wapi."

Hapohapo simu ikaropoka kutoka garini kwamba nimefika. Mjomba akaniambia nikamzime yule binti. Niliporudi, mzee alikuwa ameshika birika na beseni. Mjomba hakuwa amefungua mdomo kueleza kilichotuleta, na hotuba yake aliiandaa mwezi mzima.

"Mkwe," mzee akaniambia, "nawa mikono."