Vipandio Vitatu vya Bi. Oldroyd

Nianze na magoti, maana mambo yote yalianzia hapo. Mtaa wetu wa Fernley una nyumba kumi na mbili za baraza la jiji, zote za chini, na hupewi nyumba hapa mpaka daktari aandike kwamba magoti yako yameshindwa na ngazi. Yangu yalikwisha nikilala chini ya mabasi ya jiji, miaka arobaini ya kuyatengeneza. Ya Clarice Oldroyd, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yalikwisha kwenye jiko la shule, alikosimama akipika viazi vya watoto mia tatu kila siku ya Mungu. Sasa niambie wewe, watu kama sisi tunatozwaje ada ya kusafisha ngazi?

Ndiyo, ngazi. Pauni tatu na peni arobaini kila wiki, kila nyumba, juu ya kodi ya pango. Clarice ndiye aliyeigundua, kwenye ile barua inayokuja kila Machi, madiwani wakishakaa Februari na kupitisha bajeti ya nyumba zao na kodi mpya. Sisi wengine tunaangalia namba ya mwisho, tunatukana kidogo, tunachomeka barua nyuma ya saa. Yeye alisoma mstari kwa mstari, kisha akagonga dirisha langu.

"Wilf, umeona ngazi yoyote hapa?"

"Labda iko kwako."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

Akawa na hasira kwa miaka kumi na moja, na mimi nikaishi upande wa pili wa ukuta wake. Kila asubuhi nasikia simu, halafu muziki wa kusubiri, halafu "Hapana, mpenzi, sikusema lifti, nimesema ngazi." Ikaja kujulikana kwamba kompyuta ya baraza imetuweka fungu moja na yale maghorofa ya ng'ambo ya barabara, kwa sababu nayo yanaitwa Fernley. Kosa la jina tu. Mtoto wa darasa la pili angelirekebisha akila biskuti. Lakini ofisi ya kodi ilimtuma ofisi ya huduma, huduma wakasema bajeti imeshapita, asubiri mwakani, na mwakani wakasema mbona hukusema mapema. Mwaka mmoja walimwandikia kumshukuru kwa maoni yake kuhusu majani.

Kila Februari alivaa koti lake la kijani akaenda ukumbi wa baraza. Kabla ya kura, mpangaji hupewa dakika tatu za kusema, halafu kengele. Nilimsindikiza mara zote kumi na moja, kwa hiyo naweza kukuambia viti vile vimetengenezwa na mtu asiye na matako. Mwaka wa kumi na moja, Diwani Crowther, mwenye dhamana ya nyumba, akainua kichwa. Nadhani alikuwa amelala vizuri siku hiyo.

"Bi. Oldroyd," akasema, "nimekusikia. Anayelipia huduma lazima aipate. Naagiza ngazi za Fernley zianze kusafishwa kila wiki, bila kukosa."

Watu wakapiga makofi. Clarice akabaki mdomo wazi. "Mheshimiwa, hujani…" Kengele ikalia.

Basi Alhamisi ya kwanza ya Aprili gari la baraza likasimama mbele ya mlango wangu. Akashuka bwana wa miaka hamsini hivi, mnene, dekio mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Jina lake Gavin Sugden.

"Samahani mzee. Ngazi ziko wapi?"

"Ukiziona, uniite nije nione na mimi."

Akapiga simu kwa bosi wake. Bosi akasema karatasi inaonyesha kazi ya muda wa saa mbili kila Alhamisi, Fernley, na asiondoke kabla ya saa hizo kuisha, kwani simu iliyo mfukoni mwake inawaonyesha alipo. Basi akasimama uani na ndoo yake. Mvua ikaanza. Clarice alivumilia kama dakika kumi, kisha mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Wewe baba! Utasimama hapo kama nguzo ya umeme mpaka lini? Ingia unywe chai!"

Hapo ndipo tulipompata Gavin. Si mtu wa kukaa bure, chai moja tu na tayari anaangalia taa ya jikoni iliyoungua. Alhamisi iliyofuata akabadilisha taa za nyumba tano. Akazibua sinki la Norman Thwaite, namba nne, ambaye hajawahi kumshukuru mtu maishani na siku hiyo pia hakuanza. Mpaka kiangazi alikuwa anagonga milango yote kumi na miwili, mmoja baada ya mwingine. Zamani tulikuwa na msimamizi wa kazi hiyo, mama aliyegonga kila asubuhi kuona nani kaamka na nani hakuamka. Bajeti ya mwaka fulani ikamfuta. Tukawekewa kamba nyekundu ya kuitia msaada chooni, uivute ukianguka, ilimradi ukumbuke kuangukia chooni.

Mavis Tordoff wa namba tisa aliangukia jikoni. Ilikuwa Desemba, Jumatano jioni. Alhamisi saa nne asubuhi Gavin akagonga, kimya, akazunguka nyuma, akachungulia, akavunja kioo. Nyonga imevunjika, na mwili umepoa kama jiwe la sakafuni. Hospitali walisema angekaa pale mpaka mchana tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Alirudi Januari akitembelea kigari cha kusukuma chenye kiti, na tangu hapo wiki yake ina siku moja tu. "Leo siyo Alhamisi?" anakuuliza. Ukimwambia ni Jumapili anakukasirikia wewe.

Sasa sikiliza walivyotufanyia. Januari hiyohiyo ikaja rasimu ya bajeti mpya na barua ya furaha. Baada ya uchunguzi wa kina, baraza limebaini kwamba mtaa wa Fernley hauna ngazi. Ada itafutwa kuanzia Aprili. Huduma itakoma.

"Tumeshinda!" Norman akapiga kelele uani. "Pauni tatu na ushee! Hiyo ni bia yangu ya Ijumaa!"

"Na Gavin?" Clarice akamuuliza.

"Gavin kafanya nini?"

"Gavin ndiyo ada yenyewe, we kichwa maji!"

Norman akatazama mlango wa Mavis. Hakusema tena habari ya bia.

Tukaenda ofisini, mimi na Clarice, tukakutana na Bi. Rukhsana Dar wa bajeti ya nyumba. Mama mwenye uso wa kuchoka, mafaili yamemzunguka mpaka shingoni. Clarice akamwambia wazi kwamba tunataka kuendelea kulipa.

Bi. Dar akavua miwani. "Bibi, umelalamika miaka kumi na moja."

"Najua nimelalamika. Nilikuwepo."

"Sheria hainiruhusu kukutoza usafi wa ngazi ambazo hazipo."

"Basi niandikie kitu kingine. Mtu wa kugonga milango. Bei ileile."

"Hicho ni kifungu kipya cha bajeti. Inabidi wapangaji wote wa jiji waulizwe maoni, halafu kamati, halafu kura. Mwaka mmoja na nusu, na mwisho watasema hapana. Kifungu cha ngazi, kwa upande mwingine, kipo tayari. Kinahitaji ngazi tu." Akaanza kupanga kalamu zake. "Maelezo yanasema vipandio viwili au zaidi, katika eneo la pamoja."

"Viwili?"

"Sijakuambia kitu, bibi."

Njiani nilimwambia Clarice asithubutu hata kuwaza. Akaniuliza saruji mfuko mmoja unauzwaje.

Kwetu kuna kijilima cha nyasi, kimo cha paja, na juu yake yako mapipa ya taka. Tunakwenda kwa kuzungukia upande wa kushoto, njia ya mteremko ya baraza, safi kabisa. Hapo katikati ya nyasi ndipo Clarice alipochomeka vijiti vya kupimia. Nikamwambia lazima kuomba kibali. Akasema kibali cha kamba ya nguo aliomba miaka minane iliyopita na bado anasubiri jibu. Basi tukachimba. Watu wenye jumla ya miaka elfu moja, jamani! Mimi nakoroga saruji, Norman anashika pimamaji na kutukana, Mavis amekaa kwenye kigari chake na blanketi, anatuambia kipandio cha pili kimepinda. Kimepinda kweli. Kazi ya siku moja ilituchukua siku tisa, na mgongo wangu mpaka leo haujanisamehe. Tulipomaliza tukasimama tukatazama vipandio vitatu vya saruji, na katika sisi kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyeweza kuvipanda.

Februari, koti la kijani, ukumbi, viti vilevile. Clarice akasimama.

"Mheshimiwa, naomba ada ya ngazi za Fernley isifutwe. Ngazi tunazo."

Diwani Crowther akapekua karatasi, akamnong'oneza aliye kushoto, akapekua tena. "Bi. Oldroyd, mwaka jana ulisimama hapohapo ukatuambia hakuna ngazi."

"Mwaka jana hazikuwepo."

Ukumbi mzima ukacheka, hata yule wa kengele. Clarice hakucheka. Akasema: "Mheshimiwa, tutoze. Mimi mwenyewe nakuomba unitoze. Mtu asafishe ngazi zetu kila Alhamisi kama ulivyoagiza." Na alikuwa na dakika nzima imebaki, akakaa bila kuitumia.

Diwani akasema mtaalamu atakuja kukagua. Akaja kijana wa suti na futi ya kuvuta, akapima urefu, akapima upana, akapiga picha. Nilimwona akikitazama kile kipandio cha pili, nikajua tumekwisha. Lakini akaandika "vipandio vitatu, hali ya wastani," akaenda zake. Bajeti ikapita. Kodi ikapanda kama inavyopanda kila mwaka. Barua ya Machi ikaja, Clarice akaisoma mstari kwa mstari, na uani akasimama akatusomea kwa sauti: usafi wa ngazi, pauni tatu na peni hamsini na saba. Tukashangilia. Wazee kumi na wawili, tumepandishiwa bei, tunashangilia! Norman akatoa chupa aliyokuwa ameificha tangu Krismasi. Mavis alilia kidogo, akasema ni upepo.

Alhamisi ya kwanza ya Aprili Clarice alitoa vikombe vizuri tangu saa mbili asubuhi. Birika lake likachemka, akalizima, akalichemsha tena. Gari likaja. Gavin akashuka na ndoo na dekio, lakini hakutuangalia. Akaenda moja kwa moja kwenye vipandio, akaanza kupiga deki.

"Gavin!" Clarice akamwita. "Acha hayo, chai tayari!"

"Siwezi, Bi. Clarice." Hakuinua kichwa. "Wamepima ngazi zenu. Zamani karatasi ilikuwa ya muda wa saa mbili kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua ziko ngapi. Sasa wanajua. Ni dakika mbili kila kipandio."

"Maana yake?"

"Dakika sita. Ya saba gari linatakiwa liwe barabarani." Akaonyesha simu mfukoni. "Nimewaambia ofisini. Nimewaambia habari ya Mavis. Wakaniuliza, Mavis ni kipandio cha ngapi?"

Alimaliza, akakamua dekio. Mavis alikuwa dirishani na kikombe mkononi. Gavin akainua mkono, naye akainua wake, akidhani anaambiwa subiri, nakuja. Gari likaondoka. Mavis akabaki palepale dirishani, akiangalia barabara, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kwenda kumwambia.

Mimi nikalipuka. Nilisema maneno ambayo sikuwahi kuyasema hata chini ya basi. Nilisema kuhusu baraza, kuhusu bajeti, kuhusu futi ya yule kijana, kuhusu mgongo wangu, na kuhusu wanawake wasiojua kuiacha barua nyuma ya saa kama watu wengine. Clarice aliniacha nimalize. Alikuwa anakitazama kile kijilima huku midomo yake ikicheza bila sauti, jinsi alivyokuwa akihesabu sahani kwenye jiko la shule.

"Dakika mbili kila kipandio," akasema. "Saa mbili ni vipandio sitini. Tunavyo vitatu."

"Clarice. Hapana."

Akafunga vifungo vya koti lake, akaenda kugonga mlango wa Mavis. Alipofika kizingitini akageuka.

"Wilf, ile saruji ilibaki mifuko mingapi?"