Mwalimu Ekaju, Mashine na Sinia ya Chai

Mwaka ule wa sitini na nane, Mwalimu Ekaju wa Masinya alitaka kitu kimoja tu duniani: kazi. Kituo cha utafiti wa mbung'o, nje kidogo ya Tororo, kilitafuta mtu wa hesabu. Si hesabu za dukani, la! Ni za kuukatakata mwenendo wa ugonjwa wa malale hatua kwa hatua, mpaka mashine ya kompyuta kule Nairobi iweze kuufuata. Ekaju alikuwa amejifunza hayo peke yake kwa vitabu vya kuazima. Na kufundisha kujumlisha katika darasa lililofurika watoto kulikuwa kumemchosha mpaka basi.

Siku ya usaili alipewa chaki. Ng'ombe hapa, mbung'o pale, ugonjwa utafika wapi kabla ya masika? Wee! Ubao ulijaa. Profesa, mzungu mwenye kituo chake, akawa anachekelea.

"Imebaki hatua ya mwisho," akasema. "Kisha tuzungumzie nyumba utakayokaa."

Hapo mlango ukafunguka, chai ikaingia. Na aliyebeba sinia ni nani? Asio, mama mzazi wa Adeke, mkewe Ekaju! Alikuwa ameanza kazi ya jikoni wiki ileile, na hakuna aliyefikiria kumwambia mkwe.

Sasa, Ekaju alikuwa wa kabila la Wateso, na Mteso mwenye adabu hakutani uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kunywa chai mbele yake. Asio akaguta, "Yesu wangu!" na kujifunika leso pale pale mlangoni. Njia imezibwa. Ekaju akatupa chaki, akatokea dirishani, suti na yote.

Akazunguka mbele mbio, akamkuta Oundo, karani wa kituo.

"Mwambie Profesa yule ni mama mkwe wangu!"

"Nimemwambia, Mwalimu. Anasema basi njooni mkae meza moja, mnywe chai, yaishe."

"Yaishe? Yaishe vipi, Oundo!"

"Mimi mila hiyo ninaijua. Yeye haijui. Ameshamwita mwingine."

Jamani! Tonge limefika mdomoni, limeponyoka. Ekaju alipiga teke gurudumu la baiskeli yake mwenyewe, akaumia kidole, akarudi nyumbani akiwalaani wazungu, chai na majani yake.

Wiki haikuisha, Adeke akarudi kutoka kumsalimu mama yake. "Mama ameacha kazi," akamwambia mumewe. "Kasema njia sasa ni nyeupe, urudi ukamalizie ubao wako."

Ekaju hakungoja hata uji. Alifika kituoni jasho likimtiririka, na Oundo akamtazama kwa huruma.

"Nafasi ya mashine imepata mtu, Mwalimu. Iliyobaki ni ya jikoni tu. Yule mama wa chai ametutoka ghafla."

Ekaju akaigeuza baiskeli yake kwa hasira. Mama wa watu amepoteza riziki bure kwa ajili yake, na hata kwenda kumwomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe hawezi.